Naomba ushauri: kumsalimia mzee ukiwa unakimbia

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nakimbia alfajiri hapa Tanga, kutoka Bombo kwenda Raskazone. Njia ni ya wote: wazee wanaotoka msikitini, wapanda baiskeli, akina mama wanaowahi shughuli zao. Wakimbiaji wenzangu tunainuliana mkono tu, yameisha. Kwa wazee ndipo ninapokwama. Mzee ukimpa shikamoo, baada ya marahaba ataulizia nyumbani na wazazi, nami natweta na mwendo umeshakatika. Dini imetufundisha aliyepanda kipando amsalimie anayetembea, na anayetembea amsalimie aliyekaa, kwa hiyo naona jukumu ni langu mimi ninayepita, na sitaki kulikwepa.

Nimejaribu kutembea kila ninapowakaribia. Wanafurahi, ila mazoezi hayaendi. Nimejaribu pia kupita na "Asalaam aleikum wazee wangu", mkono kifuani. Wengi huitikia vizuri, lakini mmoja aliniuliza, "Kijana wa nani wewe usiyesimama?" Iliniuma sana.

Je, salamu ya kupita inamtosha mzee, hata asiyenifahamu, au kusimama ni lazima?

Na ninapomfikia mama kwa nyuma, giza halijaisha, nimsalimie nikiwa bado mbali, au nihamie upande wa pili wa barabara nipite kimya? Hapa naomba hasa akina mama mnijibu, maana wenye kushtuka ni ninyi.