Mgombea urais amchague mwanamke kuwa mgombea mwenza? Wajuzi wa Katiba na kampeni, karibuni

Mgebuka_wa_Kibirizi (Kigoma Ujiji)

Wakuu, salaam. Huku mwisho wa reli mjadala umepamba moto, nimeona niulete mbele ya wanaojua. Mwaka 2030 chama tawala hakina budi kuja na jina jipya la urais, na vyama vingine navyo vitajipanga upya. Wapo wanaosema mgombea yeyote mwanaume amchukue mwanamke awe mwenza wake, kura za akina mama zitajaa zenyewe. Wengine wanasema hilo ni pambo tu, makamu hana kazi.

Sitaki ushabiki wa vyama. Nataka kujua sheria inabana wapi, kama kura zinaongezeka kweli, na tiketi ya namna hiyo huwa inaharibikia wapi. Halafu mwanamke wa Kigoma au Tabora, naye anaweza kufika hapo?

Wakili_Kasulu

Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo wengi wanalokosea. Ibara ya 47(3) ya Katiba inasema Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu lazima atoke upande wa pili. Kwa hiyo mwanamke wa Kasulu au Nzega hawezi kuwa mwenza wa mgombea kutoka Mwanza au Mbeya hata awe malaika. Anaweza pale tu anayegombea urais ni Mzanzibari. Utaratibu wa mgombea mwenza ulianza kutumika 1995, na kwa kuwa marais walikuwa wa Bara, makamu wote wakatoka Visiwani: Omar Ali Juma, Ali Mohamed Shein, Mohamed Gharib Bilal, kisha Samia Suluhu Hassan. Mlango wa Bara ulifunguka Machi 2021, Samia alipoingia kwenye urais. Philip Mpango wa hapa kwetu Buhigwe aliingia hapo, ingawa hakupitia kwenye karatasi ya kura. Alipendekezwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge. Mwaka 2025 tukaona tiketi ya Mzanzibari na mwanamke wa Bara: chama cha CHAUMMA kilimsimamisha Salum Mwalimu, mwenza wake Devotha Minja. Kwa hiyo njia ipo, ila ni nyembamba.

Sifa za mwenza ni zilezile za Rais zilizo kwenye Ibara ya 39: raia wa kuzaliwa, umri usiopungua miaka 40, mwanachama aliyependekezwa na chama, mwenye sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Hilo la uraia wa kuzaliwa watu wa mpakani tulitazame kwa macho mawili. Ukiwa wa Kigoma, swali la "wazazi wako walitoka ng'ambo ipi" huulizwa hata kwa udiwani. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mtu akiwa na miaka 45 hakimalizi ubishi peke yake. Kiambatane na nyaraka za zamani: ubatizo au madrasa, rejista ya shule ya msingi, kumbukumbu za wazazi.

Sasa hili la "makamu hana kazi". Ibara ya 47(1) inampa usaidizi wa mambo ya Muungano, kazi atakazopangiwa na Rais, na kukaimu Rais asipokuwepo. Ni kweli, ukiisoma hiyo peke yake utapiga miayo. Uzito wote uko 37(5): nafasi ya Rais ikiwa wazi, kwa kifo, kujiuzulu au vinginevyo, Makamu anaapishwa na anamalizia kipindi chote kilichobaki. Hakuna uchaguzi mdogo. Magufuli alifariki 17 Machi 2021, tarehe 19 Samia akaapa, na kipindi kilikuwa bado na zaidi ya miaka minne. Ibara ya 40(4) inaongeza kwamba aliyemalizia miaka mitatu au zaidi hugombea mara moja tu baada ya hapo. Ndiyo sababu ya hilo jina jipya la 2030 alilolitaja mleta mada.

Kwa hiyo anayemchagua mwenza anachagua rais wa akiba, na mpiga kura hatapata nafasi ya kumkataa katikati ya safari. Tena ukishashinda naye, huna kalamu ya kumfuta kazi kama unavyomfuta waziri.

Mratibu_Urambo (Tabora)

Wakili kamaliza sheria, mimi nishike kura.

Jamani, tuache hesabu za kijiweni. Daftari la 2025 lilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 37, wanawake wakizidi nusu kidogo. Kama akina mama wangekuwa wanampigia mwanamke kwa kuwa ni mwanamke, Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo mwaka 2015 asingepata kura 98,763, akiwa wa tatu nyuma ya Magufuli aliyepata 8,882,935 na Lowassa 6,072,848. Naye alikuwa mgombea urais mwenyewe! Mwanamke wa Sikonge anapiga kura akiwa na chama chake, bei ya tumbaku yake na umbali wa kisima chake. Jinsia ya mwenza inaingia mwishoni kabisa, na mara nyingi haiingii.

Hesabu ya jiografia nayo tofauti na mnavyodhani. Kwa sensa ya 2022 Zanzibar nzima ina watu 1,889,773. Kigoma peke yake ina 2,470,967, Tabora 3,391,679. Mgombea wa Bara anayemchukua mwenza Mzanzibari, mwanamke au mwanaume, hafuati kapu la kura za nyumbani kwa mwenza. Kapu lenyewe dogo. Anatafuta mtu atakayeuzika Kibondo na Igunga asikozaliwa. Hicho ndicho kipimo: asimamishwe Kaliua bila mgombea urais pembeni, tuone kama watu watabaki uwanjani.

Kenya mambo ni mengine, tusiige bila kufikiri. Kule mshindi lazima avuke nusu ya kura zote na apate robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47, kwa hiyo mwenza huchaguliwa kama mtu wa kuleta ukanda. Raila alimtangaza Martha Karua kuwa mwenza wake Mei 2022. Alikuwa na kila kitu: mbunge wa Gichugu kwa miaka 20, waziri wa sheria, ngangari. Lakini ukanda wa Mlima Kenya ulishakwenda kwa Ruto miezi mingi kabla, Kirinyaga ya Karua mwenyewe ikiwemo. Matokeo: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Wanaosema "mwanamke alimwangusha Raila" wanakosea. Aliletwa kuzima moto nyumba ikiwa imeshaungua upande mmoja. Kwetu Rais hushinda kwa kuzidi wengine tu, hata asifike nusu, kwa hiyo shinikizo hilo la ukanda ni dogo na mgombea ana uhuru zaidi wa kutazama uwezo.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni kutangaza jinsia kabla ya mtu. Biden wa Marekani alisema Machi 2020 kwamba atamchukua mwanamke kuwa mwenza, na Harris akatajwa Agosti. Walishinda, ndiyo, lakini miezi mitano hiyo iliwapa wapinzani sentensi ya bure: "kachaguliwa kwa sababu ni mwanamke". Ukiwa na jina, taja jina na kazi alizofanya. Mengine watu wana macho, wataona.

Binti_Nzega

Kaka Mratibu, hesabu zako nazikubali, ila mzani wenu umeinama. Mbona mwanamke tu ndiye anapimwa kama ataongeza kura? Ruto alimchukua Gachagua kwa sababu ya ukanda, ukanda ukaja, na Oktoba 2024 Seneti ikamwondoa madarakani wakiwa hawapikiki chungu kimoja. Hakuna aliyeandika kwamba wanaume hawafai kuwa wenza.

Na wale wa "jamii zetu za huku hazijazoea" wakaulize Kasulu. Mwami, yaani chifu, Theresa Ntare alitawala Heru kabla hatujapata uhuru, na Waha hawakuporomokewa na mbingu. Mwaka 2015 tatu bora ya kumpata mgombea urais wa CCM pale Dodoma ilikuwa na wanawake wawili: Amina Salum Ali kura 253, Asha-Rose Migiro 59, Magufuli 2,104. Siku mwenza anatangazwa, Samia alikuwa tayari ametoka kuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba chini ya Samuel Sitta, mzee wetu wa Urambo. Watu walikuwa wamemwona akiendesha kikao kigumu kwenye televisheni. Hiyo ndiyo tofauti ya mwenza aliyeandaliwa na mwenza aliyeokotwa.

Malawi nayo msiiruke. Bingu wa Mutharika alishinda urais 2009 akiwa na mwenza Joyce Banda. Baadaye wakagombana juu ya nani atarithi, Desemba 2010 chama kikamfukuza, lakini umakamu kikashindwa kumvua. Bingu alifariki 5 Aprili 2012, tarehe 7 Banda akaapishwa akiwa na chama chake kipya na baraza la mawaziri lisilomtaka. Pale tatizo lilikuwa urithi ambao haukuzungumzwa mapema. Mwanaume angekuwa kwenye kiti kile wangegombana vilevile.

Mgebuka_wa_Kibirizi

Ahsanteni sana. Dada, hilo la Mwami Theresa umenikata maneno. Sasa tuseme chama kimeshaamua ni mwanamke na jina lipo mezani. Kinafanya nini kati ya hapo na siku ya fomu? Na kampeni za huku apangiweje?

Mratibu_Urambo

Kwanza upekuzi, na uanze angalau mwezi mzima kabla jina halijatoka nje. Mwaka 1984 Walter Mondale wa Marekani alimchukua Geraldine Ferraro, mwanamke wa kwanza kwenye tiketi ya chama kikubwa kule. Wiki chache baadaye hoja ikawa kodi na biashara za mumewe, ambaye mwanzoni alikataa kutoa nyaraka zake. Sehemu kubwa ya Agosti ikaliwa na mume. Walishinda jimbo moja tu, Minnesota, pamoja na mji mkuu, na sisemi sababu ilikuwa hiyo maana mpinzani wao Reagan alikuwa na nguvu za kutisha, lakini walipoteza wiki ambazo hawakuwa nazo. Kwa hiyo pekueni nyumba nzima: kodi zake na za mumewe, hisa zilizosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa makampuni) kwa majina ya watoto, mikopo, viwanja, kesi za mirathi. Kama amekuwa kiongozi wa umma, tamko lake la mali lilishamtaja mwenzi wake, basi linganisheni tamko na hali halisi. Hapo ndipo panapovuja.

Jambo la pili linaonekana dogo na linawatesa wanawake kuliko wanaume: majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, cheti cha chuo kina jina la baba na la kati, kitambulisho cha taifa na kadi ya kura vina jina la mume. Mpinzani akiweka pingamizi, mnaanza kukimbizana na viapo siku ambazo mlitakiwa kuwa barabarani. Sawazisheni majina mapema kwa kiapo au hati ya kubadili jina, nakala zilizothibitishwa zikae kwenye jalada moja. Kwa Mzanzibari ongezeni na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi.

Wadhamini: sheria inataka wapiga kura 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, na angalau miwili iwe ya Zanzibar. Jumla 2,000. Usikusanye 200 kamili. Kusanya 260 hivi kila mkoa, kwa sababu namba za kadi hukosewa, wengine hudhamini wagombea wa vyama viwili, wengine hawamo kwenye daftari la mkoa huo. Mwenza atumike hapa: apewe mikoa minne au mitano yake ya kuzungukia wadhamini. Ni mazoezi ya kampeni bila gharama ya kampeni.

Wakili_Kasulu

Naongeza la afya, na liulizwe kwa jinsia zote. Mgombea mwenza akifariki baada ya uteuzi na kabla ya kura, uchaguzi wa Rais unaahirishwa. Mwaka 2005 alifariki mgombea mwenza wa CHADEMA na kura zikahama kutoka 30 Oktoba hadi 14 Desemba. Vyama vyote vililipia wiki sita za ziada za magari na mafuta.

Mratibu_Urambo

Kweli kabisa, na wenye bajeti nyembamba waliumia zaidi.

Ratiba sasa. Msimfungie kwenye mikutano ya jumuiya ya wanawake. Akionekana amezungukwa na vitenge tu, wanaume wanaona hiyo tiketi ina mgombea mmoja na msindikizaji. Apewe njia yake kamili: Kakonko, Kibondo, Kasulu, Buhigwe, Kigoma mjini, ashuke Uvinza, aingie Kaliua, Urambo, Tabora, amalizie Sikonge. Siku tisa au kumi, mikutano miwili mikubwa kwa siku na vituo vya njiani, na saa 12 jioni kipaza sauti kizimwe.

Mialoni ya ziwa ina saa zake. Asubuhi wanawake wanapokea dagaa kutoka kwenye mitumbwi na kuwaanika, hawana muda na hotuba yako. Tazama mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo siku za mbalamwezi kali mitumbwi hupumzika, na hapo mwalo mzima uko huru. Tabora Septemba na Oktoba watu wako kwenye vitalu vya tumbaku wakimwagilia asubuhi na jioni, basi mkutano uwe saa 8 mchana hata kama jua linachoma.

Na maneno anayosema. Ofisi ya Makamu wa Rais inashika Muungano na Mazingira. Asiahidi ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kana kwamba ataigawa yeye, hiyo iko TAMISEMI, na akina mama wa vikundi wanajua vizuri kwamba fungu lao ni asilimia 4. Aseme ya mkaa na nishati ya kupikia, misitu ya Uvinza na Kaliua, ziwa. Akiulizwa "ukibaki peke yako utaongozaje?", ajibu kwa dakika mbili bila kutazama karatasi. Sarah Palin wa Marekani mwaka 2008 aliteuliwa haraka kuwa mwenza akiwa gavana kwa chini ya miaka miwili, akajaza viwanja, kisha mahojiano machache ya televisheni Septemba yakammaliza.

Binti_Nzega

Swali hilohilo la "ukibaki peke yako" aulizwe na mwenza mwanaume, kwa dakika zilezile mbili. Na Mgebuka, ukipata ratiba ya mwezi wa 2030 utuwekee hapa, sisi wa Nzega hatujui mbalamwezi za ziwani.