Anga la Morogoro usiku huu: niwatoe wanafunzi watazame nyota au niahirishe?

Mwl_Fizikia
Wakuu, habari za mchana. Nafundisha sekondari hapa Morogoro mjini. Leo usiku nimepanga kuwatoa wanafunzi wa bweni uwanjani watazame nyota kwa darubini ndogo ya kuazima. Uluguru imevaa wingu tangu asubuhi, ila upande wa Mzumbe ni kweupe. Utabiri wa redioni unasema mawingu kiasi na vipindi vya jua. Sasa vipindi vya jua vinanisaidia nini saa mbili usiku? Na mwezi mwandamo leo ni siku ya saba. Mkuu wa shule anataka jibu kabla ya saa kumi. Nawasilisha.

KusiKaskazi
Mkuu, wingu la mlimani lisikutishe. Kipupwe hiki kusi inapandisha unyevu wa bahari Uluguru, wingu linaganda huko juu hata bondeni kukiwa kweupe. Ingia Windy, tovuti ya hali ya hewa, tazama mawingu ya chini, ya kati na ya juu kila moja peke yake. Jua likizama utabaki na picha za satelaiti za infraredi, zinazopima joto, ila usiziamini sana: wingu la chini joto lake linakaribiana na la ardhi, linaweza kujificha kabisa.

DadaWaPwani
Mwezi wa siku saba? Ahirisha. Unazama karibu saa sita usiku, na ukijumlisha taa za mji, Njia ya Maziwa, ule ukanda hafifu wa nyota, mtaisikia tu. Subiri kuanzia siku ya 22 ya mwezi mwandamo, unachomoza usiku wa manane.

Babu_Darubini
Dada yangu, hapo hapana. Hao watoto wengi hawajawahi kuchungulia darubini, waanze na huohuo mwezi. Nusu mwezi ni mtamu kuliko mpevu: pale mwanga unapopakana na giza, mashimo na milima yake inatupa vivuli virefu. Ukiwa mpevu jua linaupiga usoni, vivuli vyote kwisha. Kisha elekeza kusini, karibu na kundi la nyota la Msalaba wa Kusini kuna nyota mbili kali. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba, kwenye darubini inaachana, kumbe ni mbili! Mwanga wa mwezi hauiharibu.

Kupima anga lenyewe: giza linakamilika kama saa moja na dakika arobaini. Zimeni taa za uwanja, mkae dakika ishirini bila simu, halafu hesabuni nyota za Msalaba. Mkiona nne, endeleeni. Mkiona na ile ya tano, ndogo, na mwezi upo, hilo ni anga safi. Mkiona tatu tu, kuna utando juu au moshi wa mashamba. Na nyota za utosini zikipepesa mno, hewa huko juu imevurugika, tumia lenzi ya kukuza kidogo.

DadaWaPwani
Haya babu, nimekubali. Wakikosa prepu tu watashukuru.

Mwl_Fizikia
Asanteni, nimemwambia mkuu tunaendelea. Umande je? Juzi nyasi zililowa mapema.

Babu_Darubini
Viringisha karatasi ya manila mdomoni mwa darubini, itokeze kama shubiri moja. Itoe nje jua likizama ipoe pamoja na hewa. Kioo kikilowa usikifute kwa shati, kitachubuka. Pepea kwa daftari mpaka kikauke. Na watoto wavae masweta.