Chai ya rangi chungu, ya maziwa imepauka: nitumie majani gani?

MamaVitumbua: Wakuu, naombeni ushauri. Mgahawani tunatumia majani ya vumbi kwa chai zote. Ya maziwa inakolea vizuri, ila ya rangi ikikaa saa moja kwenye chupa inakuwa chungu na inafanya utando juu. Nikiweka majani makubwa yaliyosokotwa, ya rangi inatoka safi, ya maziwa inapauka. Maji ni ya kisima.

Bandikabandua: Mama, hizo ni kazi mbili, usilazimishe jani moja. Majani mengi ya Kericho na Mufindi hupita mashine ya CTC: rola zenye meno huyaponda, huyachana na kuyaviringisha hadi yawe punje. Punje hutema rangi upesi, na ukakasi vilevile. Kwa maziwa ndiyo mahali pake, maana maziwa huushika ule ukakasi. Chukua daraja la PF1, punje zake ni kubwa kuliko za vumbi (D1). Gramu 12 kwa lita, nusu maji nusu maziwa. Majani yachemke na maji dakika 3 kwanza, ndipo umimine maziwa.

Mkandaa: Ya rangi usiipike kabisa. Mimina maji yanayotokota juu ya majani, gramu 10 kwa lita, funika dakika 4, chuja, ndipo utie kwenye chupa.

MamaVitumbua: Kuchuja nachuja, chujio la plastiki. Na majani yenyewe ni yapi?

Mkandaa: Vumbi linapita kwenye matundu hayo, linatua chini ya chupa na kuendelea kutoa uchungu. Tumia kitambaa. Majani: yaliyosokotwa bila kupondwa. Ya Nuwara Eliya, Sri Lanka, ni mepesi, yananukia maua. Assam, ya India, ni nzito, ina ladha ya kimea, na ndiyo pekee kati ya hizi inayostahimili maziwa. Darjeeling, nayo ya India, ikiwa ya mchumo wa pili wa mwaka hunukia zabibu. Kuitia maziwa ni kuiua. Earl Grey si aina ya jani, ni majani yaliyotiwa mafuta ya ganda la bergamoti, jamii ya machungwa. Yoyote utakayonunua, usiyaweke kabati moja na iliki na karafuu, yatanyonya harufu.

Bandikabandua: Utando ni maji magumu. Chungulia birika: kama kuna ukoko mweupe, chokaa hiyo ndiyo inayoshikana na chai. Tumia maji ya mvua, au dondosha ndimu matone machache. Utando utapotea na rangi itafunguka. Kwenye ya maziwa usithubutu, yatakatika.