Poda za amino kwa wapiga chuma wa Mwanza: zinasaidia au tunaliwa hela?

ChumaIgoma:
Mwangaluka wakuu. Nina mwezi wa nne napiga tizi huku Igoma, kocha akaniambia bila amino, yale matofali madogo yanayojenga protini, misuli inajila yenyewe, nikajikamua nikanunua kopo la BCAA laki na ishirini. Limefika nusu sioni tofauti, juzi baada ya mazoezi ya miguu nimekaa siku tatu nashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Halafu poda yenyewe haichanganyiki, natikisa chupa mpaka mkono unachoka bado inaelea juu kama unga wa muhogo, na uchungu wake hauelezeki. Nimeuziwa feki? Na hivi vitu vinasaidia kweli au?

Nyegezi_Tizi:
Kuelea na uchungu sio dalili ya feki mkuu, liusini ndivyo ilivyo, haipendani na maji. Ila BCAA ni amino tatu tu, liusini, isoliusini na valini, wakati mwili unahitaji tisa kutoka kwenye chakula ili ujenge msuli. Liusini ni kama anayegonga kengele mafundi waanze kazi, sasa mafundi wamefika saiti saruji ipo tofali hamna, watajenga nini? Na kama unakula samaki, mayai, maharage ya kutosha basi hizo tatu tayari unazo, umezinunua mara ya pili kwa bei mbaya.

KochaPasiansi:
Watu wa kusoma kwenye simu mnataka kufundisha makocha. Mimi nipo kwenye vyuma tangu 2011. Kuna utafiti wa Scotland wa 2017, vijana walipiga chuma wakanyweshwa BCAA gramu 5 na kitu, ujenzi wa misuli ukapanda asilimia 22. Bishaneni na hao. Tatizo la vijana wa huku mnataka mwili mkubwa halafu mnakula dagaa, chakula cha kuku.

MamaWaMwaloni:
Wewe kocha rudia hapo mwisho. Chakula cha kuku? Mimi niko mwaloni Kirumba mwaka wa kumi na tisa, nimesomesha watoto watatu kwa hao dagaa na mmoja yuko chuo sasa hivi. Njoo alfajiri uone vijana wanavyoshusha magunia, hakuna hata mmoja anayeijua hiyo poda yako.

Nyegezi_Tizi:
Huo utafiti naujua kocha. Ni vijana kumi, na kilicholinganishwa ni BCAA na kinywaji kisicho na amino, sio BCAA na mayai wala maziwa. Walipima masaa machache baada ya tizi, hakuna aliyepimwa kama baada ya miezi kaongeza nguvu.

KochaPasiansi:
Mama na heshima zako, hao wabeba magunia wakifika miaka arobaini migongo imekwisha. Usiwafanye mfano wa afya. Na hao dagaa ukitafuna unasikia mchanga kwenye meno, sasa hapo unakula protini au unakula ufukwe?

Mbebaji_zamani:
Mimi nimebeba magunia hapo miaka sita na mgongo wangu uko salama, kinachoumiza ni kubeba vibaya na kubeba na njaa. Kocha usituongelee kama hatupo.

MamaWaMwaloni:
Mchanga ni wa dagaa walioanikwa chini. Wa chanja wanaanikwa juu ya nyavu, upepo unapita juu na chini, wanakauka wanang'aa kama sindano, ukimvunja analia. Huwezi kuwaweka wote gunia moja kwa sababu wewe ulinunua wa bei rahisi.

MkereweHalisi:
Tuseme ukweli lakini. Kipindi cha mvua wanaoshindwa kukauka vizuri wanakwenda kusagwa chakula cha kuku, hapo kocha hajadanganya.

MamaWaMwaloni:
Mkerewe na wewe! Dagaa unawajua tangu tumboni kwa mama yako leo unamshika mkono huyu? Chakavu kinakwenda kwa kuku, sawa, mahindi mabovu nayo yanakwenda kwa kuku, kwa hiyo ugali ni chakula cha kuku?

BuhongwaStendi:
Mmemsahau sangara. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunauziwa mapanki, kichwa na mifupa. Hapo ndipo wajenga misuli wa Mwanza walipoibiwa protini, sio kwenye kopo.

MkereweHalisi:
Mapanki ukiyapata yamekaangwa vizuri yana nyama hasa kwenye shavu. Usiyadharau.

BuhongwaStendi:
Siyadharau, nimekua nayo. Nauliza tu kwa nini mwenye ziwa ale mifupa.

Nesi_Mabatini:
Jamani kijana aliuliza swali. Mdogo wangu, kuhusu maumivu: zipo tafiti zinazoonyesha BCAA inapunguza kidogo yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu, hapo kocha tusimnyime haki yake. Ila maumivu kupungua sio nguvu kuongezeka. Kuna uchambuzi wa 2018 uliunganisha tafiti 49, watu elfu moja mia nane na zaidi, wakaona protini ya nyongeza inasaidia mpaka jumla ya protini yote unayokula ifike kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zaidi ya hapo msuli hauongezeki. Una kilo ngapi? Kama ni 70 basi ni gramu 112 hivi. Yai moja lina 6, dagaa wakavu gramu mia wana 50 au zaidi. Na ulale, mnakesha kwenye simu halafu mnalaumu misuli.

KochaPasiansi:
Nesi umeongea kiungwana. Mimi nilichokuwa nasema, kijana wa bodaboda anashinda na chapati mbili na chai, huyo nimwambie nini? Nimewaona wanaanguka jimu. Ndio maana nawaambia wanywe kitu.

Nyegezi_Tizi:
Huyo mwambie ale, kocha. Kopo moja la laki na ishirini ni mayai mangapi? Mwenye chapati mbili ndiye ambaye BCAA haitamfaa kabisa maana zile amino sita nyingine hana za kutosha.

KochaPasiansi:
Mayai hayabebeki kwenye pikipiki.

Mbebaji_zamani:
Yakichemshwa yanabebeka. Nilikuwa nabeba manne kwenye mfuko wa koti kila siku.

ChumaIgoma:
Nina kilo 64. Nimepiga hesabu ya ninachokula kwa siku sifiki hata nusu ya aliyosema dada nesi, chai asubuhi, wali maharage mchana, jioni ugali mboga za majani. Mama, dagaa wa chanja kilo moja shilingi ngapi?

MamaWaMwaloni:
Mwanangu usinunue wiki hii, ni mbalamwezi, wavuvi hawaingii ziwani, waliopo ni wa akiba na bei iko juu. Subiri giza lirudi. Ukija ulizia wanaoanika kwenye chanja, umvunje mmoja usikie kabla hujatoa hela.