Kikundi cha Majirani wa Kiamunyi: Kiptiget au Gura?

Baba Chebet: Majirani, hamjambo. Kwa kuwa mvua imepungua na Jumamosi ijayo hakuna harusi wala matanga yanayotuhusu, napendekeza twende Kericho tukavue trauti, wale samaki wa maji baridi, katika Mto Kiptiget. Kutoka hapa Nakuru ni kilomita 105 hivi, kwa hivyo tunaweza kuondoka alfajiri na kurudi kabla giza halijaingia. Gari langu lina nafasi ya watu wanne.

Mama Wambui: Hatujambo, Baba Chebet, na asante kwa wazo. Hata hivyo nitasema wazi, kwa sababu sisi ni majirani na hatufichani: Kiptiget wa siku hizi si mto wa kumfungia mtu safari. Mvua ikinyesha kidogo tu huko Kuresoi, upande wa juu wa mto, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na hapo hata umtupe nzi wa bandia (chambo chenye umbo la mdudu) kwa ustadi gani, samaki hamwoni. Kama kweli ni trauti tunaowatafuta, twende Milima ya Aberdare, kwenye Mto Gura au Chania, ambako maji yanashuka kutoka nyanda za juu zisizolimwa na unaweza kuhesabu mawe yaliyo chini kwenye kina cha kiuno.

Baba Chebet: Mama Wambui, kila mto nchini huchafuka mwezi wa Aprili, na Gura pia hufurika hadi mtu akashindwa kusimama ndani yake. Usiuhukumu mto kwa siku yake mbaya. Kiptiget unatoka katika Msitu wa Mau upande wa kusini-magharibi, na sehemu kubwa ninakovua imeachiwa miti ya kienyeji kwenye kingo zote mbili, hata pale ambapo mashamba ya majani chai yanaanzia hatua chache tu kutoka mtoni. Kuanzia Desemba hadi Februari, mvua ikipungua, maji yake yanakuwa safi kabisa.

Mwalimu: Mngekuwa wanafunzi wangu ningewaambia mtaje kwanza mnapima nini. Mto bora kwa mvuvi ni ule wenye samaki wengi, au wenye samaki wakubwa, au wenye maji safi, au ule ambao mtu anaweza kuufikia bila kuuza mbuzi? Tangu nijiunge na kikundi hiki sijaona wawili mnaotumia kipimo kimoja.

Baba Akinyi (Kisumu): Mwalimu, mimi nilihamia huku Kisumu lakini hamjaniondoa kikundini, kwa hivyo nitachangia. Huku ziwani mtu akikuletea trauti wa robo kilo, utamwuliza mama watoto kama huyo ni samaki au ni chambo cha mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Viktoria. Mnaamka saa tisa usiku, mnasafiri kilomita zaidi ya mia, kisha mnarudi na kitoweo cha mtu mmoja mkisifu maji!

Mama Wambui: Baba Akinyi, ukitaka kilo nenda sokoni Jubilee. Sisi tunazungumzia uvuvi wa ndoano.

Daktari wa Mifugo: Naomba kujibu swali la Mwalimu kwa upande wa samaki mwenyewe, kwa maana yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu ubora wa mto. Trauti wa upinde wa mvua hustawi katika maji ya nyuzi 12 hadi 16 hivi. Yakizidi 20 anapoteza hamu ya kula, na yakikaribia 25 anakufa. Sababu kubwa ni hewa. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kubeba oksijeni: katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11, ilhali ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9. Halafu kumbukeni kwamba Kericho iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, kwa hivyo viwango hivyo inabidi mpunguze tena moja ya tano. Ndiyo maana kukata miti kando ya kijito cha trauti kunaumiza kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kivuli kikiondoka maji yanaweza kupata joto sana kwa mchana mmoja tu wa jua kali, na samaki hana mahali pengine pa kukimbilia isipokuwa juu zaidi mlimani.

Mama Wambui: Asante, Daktari. Umenisaidia kushinda kesi.

Daktari wa Mifugo: Bado hujashinda, mama. Baridi ina gharama yake. Maji ya juu sana mlimani huwa hayana chakula kingi, wadudu ni wachache na samaki hukua polepole. Trauti mzima wa Gura anaweza kutoshea kiganjani, ilhali wa rika lake katika mto wenye joto la wastani na chakula cha kutosha akawa mara mbili yake.

Baba Chebet: Hilo ndilo ninalolisema kila siku! Safari iliyopita nilimpasua trauti mmoja wa Kiptiget pale pale ukingoni, na tumboni nikakuta gando la kaa, gumu, la rangi ya hudhurungi, pamoja na mabuu wachache wa wadudu wa majini. Nyama yake ilikuwa ya rangi ya waridi hadi karibu na mfupa. Samaki anayekula kaa anakuwa na nguvu, na akishika ndoano anaruka juu ya maji kabla hujajua ni upande gani amekimbilia.

Mwalimu: Rangi hiyo ya nyama kweli inatokana na kaa na jamaa zake. Ni rangi iliyomo katika magamba yao, nayo huhamia katika misuli ya samaki.

Mama Wambui: Nyama sikatai. Lakini Baba Chebet, hebu tuambie ukweli mbele ya majirani: huyo samaki alizaliwa Kiptiget au alipandikizwa? Maana kuna mito inayosifiwa kuwa na trauti wengi, kumbe ni vifaranga vilivyotolewa kwenye vidimbwi na kumwagwa mtoni. Anayetaka kujua atazame mapezi. Samaki aliyelelewa kwenye kidimbwi cha saruji, akibanana na wenzake, mara nyingi pezi lake la mgongoni huwa fupi na limekunjamana, na ncha za mkia zimelika hadi zikawa butu. Aliyezaliwa mtoni ana pezi lililonyooka, ukilifungua kwa kidole linatanuka bila mkunjo wowote. Mimi mto unaotegemea ndoo ya vifaranga siuhesabu kuwa mto bora, hata ukinipa samaki kila baada ya dakika tano.

Baba Chebet: Mapezi ya samaki wangu sikuyakagua kama askari wa trafiki anavyokagua magurudumu. Nilimpika.

Mwalimu: Mama Wambui, hapo umegusa jambo ambalo wavuvi wa Aberdare hulisahau kwa makusudi. Nchini humu hakuna trauti mwenyeji, si wa Gura wala wa Kiptiget. Trauti wa kahawia waliletwa mwaka 1905, mayai yakitolewa Loch Leven kule Uskoti kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na Gura ndio mto wa kwanza kuwapokea. Trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni magharibi ya Amerika Kaskazini na mashariki ya mbali ya Urusi, walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Hao wa Gura unaowaita wa asili ni wajukuu wa samaki waliomwagwa kwa ndoo kama hawa wengine, ila ndoo yao ilikuja mapema.

Baba Akinyi (Kisumu): Mwalimu amenena. Nami niongeze kwamba mito yenyewe ya Kericho, yaani Kiptiget, Itare na mingineyo, inaungana na kuwa Sondu-Miriu na kumwaga maji huku kwetu. Samaki mwenyeji wa mto huo ni ningu, ambaye wazee wetu walikuwa wakimngoja wakati wa mvua akipanda kutoka ziwani kwenda kutaga. Siku hizi ameadimika, kwa kuwa nyavu zinamsubiri mlangoni mwa mto kabla hajapanda. Mkinieleza ubora wa mto bila kumtaja ningu, mimi naona mmepima nusu ya mto. Na kuhusu samaki wageni, tulioona mbuta, naye mgeni, alivyowamaliza fulu, samaki wadogo wenyeji wa ziwani, hatuhitaji kusimuliwa.

Daktari wa Mifugo: Hoja ya ningu ni nzito, ingawa yeye na trauti hawakutani sana, kwa sababu ningu anabaki katika maji ya chini yenye joto. Naomba nirudi kwenye suala la kuzaliana, kwa sababu naona ndipo Mama Wambui na Baba Chebet wanapopishana bila kujua. Trauti jike huchagua mahali penye changarawe na maji yanayotembea, akachimba shimo kwa kupigapiga mkia, akataga na kufukia. Kwa majuma kadhaa mayai hupumua kupitia maji yanayopenya katikati ya vijiwe. Tope laini likishaziba nafasi hizo, mayai yanakosa hewa na kufa, hata kama siku ya Jumamosi mtakayofika ninyi maji ya juu yatakuwa safi kama ya kunywa. Kwa hiyo rangi ya maji peke yake haiwezi kutatua ubishi wenu. Inueni jiwe. Likitoka kirahisi na chini yake mkakuta mabuu yaliyojijengea vijumba vya chembe za mchanga, yameng'ang'ania jiwe kiasi kwamba inabidi kuyabandua kwa ukucha, mto huo ni mzima. Jiwe likiwa limezama kwenye matope na chini yake kuna harufu ya uozo, basi samaki mnaowapata hapo wametoka juu zaidi au wameletwa.

Baba Chebet: Hilo nalikubali. Na nitasema lisilonifurahisha: upande wa chini, karibu na mahali pa kuvukia ng'ombe, mawe yamezama. Juu, ndani ya miti, hayajazama. Kwa hiyo ninapousifu Kiptiget naomba ieleweke kwamba nausifu mto wa juu.

Mama Wambui: Basi tusiseme "Kiptiget ni mzuri", tuseme "kipande cha Kiptiget ni kizuri". Gura ni mzuri kutoka juu ya maporomoko hadi unapotoka msituni.

Kijana wa Geti la Tatu: Wazee wangu, hamjambo. Naomba kuuliza gharama, kwa sababu mimi ndiye ambaye bado sijaajiriwa. Nimesikia kwamba ukivua ndani ya Mbuga ya Aberdare unalipa leseni ya uvuvi na pia kiingilio cha mbuga. Nimesikia vilevile kwamba kuna nyati.

Mama Wambui: Ni kweli, mwanangu, na ndovu pia wapo. Huwa tunatembea na askari wa wanyamapori. Lakini usiogope, maana mahali ambapo watu wanaogopa kwenda ndipo samaki wanapopumzika.

Baba Chebet: Mama Wambui amejijibu. Anataka tuamini kwamba mto bora ni ule unaovuliwa huku mtu mmoja anamtazama nzi wake akielea na mwingine anatazama nyati. Mvuvi anayegeuza shingo kila dakika hawezi kumwona trauti akinyanyua pua.

Mwalimu: Na mbona mnausahau Mlima Elgon? Mto Suam nao una trauti, na watu wa Kitale hawapigi kelele kama ninyi.

Daktari wa Mifugo: Kitale ni mbali kwa safari ya siku moja, Mwalimu. Hata Malewa hapa karibu na Gilgil una trauti huko juu, na mara mojamoja mmoja husukumwa na maji hadi Ziwa Naivasha. Lakini sitawashauri mfuate samaki aliyepotea njia.

Mwalimu: Basi naona tufanye hivi. Jumamosi tunakwenda Kiptiget, upande wa juu tu, kwa kuwa ni karibu na kijana wetu atamudu. Daktari atabeba kipimajoto na kupima maji saa mbili asubuhi na tena saa nane mchana, jua likiwa limekolea. Kila mmoja atainua mawe mahali anapovua na kueleza alichokiona bila kuongeza chumvi. Desemba, shule zikiwa zimefungwa, tutafanya vivyo hivyo Gura. Baada ya hapo mbishane mkiwa na hesabu mikononi.

Mama Wambui: Nakubali, kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna nyungunyungu. Anayetaka kuvua kwa chambo cha shimoni aende bwawani. La pili, samaki aliyelika mapezi asihesabiwe kwenye ushindi wa mto wowote.

Kijana wa Geti la Tatu: Mama, mimi nina nyungunyungu peke yake.

Mama Wambui: Nitakuazima nzi watatu. Ukiwapoteza kwenye matawi utawalipa.

Baba Chebet: Sharti la kwanza nakubali. La pili sikubali hata kidogo, kwa sababu Mama Wambui ndiye atakayekuwa mkaguzi wa mapezi, na tayari najua Kiptiget utapata alama ngapi. Daktari ndiye akague.

Daktari wa Mifugo: Nitakagua, lakini nitahitaji samaki akiwa hai na mzima, kabla Baba Chebet hajamtia kwenye sufuria. Tukutane kwenye geti kuu saa kumi na nusu alfajiri.