Max Planck mwaka 1900: alijua alichokileta?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa namwelekeza mdogo wangu wa kidato cha sita, tukafika pale nilipokariri hata mimi: kwamba tarehe 14 Desemba 1900, mwanafizikia Mjerumani Max Planck alitangaza kuwa nishati hutoka kwa matonge, si kwa kutiririka kama uji, na nadharia ya kwanta ikazaliwa.

Mimi nabisha. Fomula ya mwanga wa vitu vilivyopashwa moto ni ya Planck, na ile h, namba isiyobadilika iliyomo humo, ni yake, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini wazo kwamba nishati yenyewe imekatika vipande ni la Einstein, 1905.

Kwanza tuweke pembeni ile hadithi kwamba alikuwa anapambana na "janga la urujuanimno", yaani nadharia ya zamani kudai kwamba kwenye mawimbi mafupi nishati haina kikomo. Jina hilo mwanafizikia Ehrenfest alilitoa 1911. Kilichokuwepo ni vipimo. Mmemwona mhunzi: chuma kinaanza chekundu, kinageuka rangi ya chungwa, kikizidi moto kinakaribia weupe. Watu wa maabara ya vipimo ya taifa pale Charlottenburg, Berlin, walitaka namba za jambo hilo, maana taa za umeme zilihitaji kipimo cha uhakika cha mwanga. Wakawa wanapasha moto tanuri lenye tundu dogo na kupima mnunurisho, yaani mwanga na joto linalosafiri kama mawimbi, unaotoka. Fomula iliyokuwepo, ya mwanafizikia Wien, ilikubali kwenye mawimbi mafupi, kwenye marefu ikagoma.

Jumapili ya tarehe 7 Oktoba 1900, Rubens, mmoja wa wapimaji, alikwenda na mkewe kumtembelea Planck nyumbani. Katika maongezi akamdokeza kwamba kwenye mawimbi marefu mnunurisho unapanda sambamba na jotoridi. Wageni walipoondoka Planck akakaa na karatasi, jioni hiyohiyo akapata fomula na kumwandikia Rubens kadi ya posta. Tarehe 19 akaiwasilisha mbele ya Chama cha Fizikia. Ikakubaliana na vipimo vyote.

Yaani jibu lilitangulia, sababu ikatafutwa baadaye kwa wiki nane. Hapo ndipo alipoazima hesabu za uwezekano za mwanafizikia Boltzmann, ambazo kwa miaka alikuwa hazitaki. Hesabu hizo zinadai ukate nishati mafungu ndipo uhesabu njia za kuigawa. Ni kama kupima unga kwa kibaba: kibaba ni cha muuzaji, unga wenyewe haujakatika. Na kwenye hotuba yake alisema kwamba ukigawa nishati kwa fungu ukapata namba isiyo kamili, chukua namba kamili iliyo jirani. Mtu anayeamini kweli kwamba hakuna nusu fungu anasema hivyo?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hapo umeruka kitu kikubwa. Boltzmann akishahesabu, kibaba chake anakipunguza mpaka kifikie sifuri, unga unabaki unga. Planck hakufanya hivyo, na asingeweza: ukiifanya h kuwa sifuri fomula yote inapotea. Kibaba chake kilikuwa na ukubwa maalumu, h mara masafa ya wimbi (idadi ya mitetemo kwa sekunde), na katika hotuba hiyohiyo akasema hatua hiyo ndiyo ya msingi kuliko zote. Tena akatoa humo chaji ya elektroni, 4.69 × 10⁻¹⁰ kwa vizio vya wakati ule. Leo tunasema 4.80. Mtu anayechezea hesabu tu anaikaribia hivyo?

Mchangiaji wa pili

Nawasoma tu. Ubishi huu ni wa zamani, ndugu zangu. Mwanahistoria wa sayansi Thomas Kuhn aliuwasha 1978 akiwa upande wa mleta mada, na wanahistoria wa sayansi hawajaelewana hadi leo. Mimi naona Planck hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa na fomula inayofanya kazi, akaiacha ifanye kazi. Nyie mnataka aape mahakamani.

Mleta mada

Mchangiaji wa kwanza, chaji ya elektroni ilitoka kwenye k, ile namba nyingine isiyobadilika ndani ya fomula, si kwenye h. Hiyo haimsaidii mtu wako kwenye suala la matonge. Ila hoja ya kibaba kisichopungua naipokea, ina uzito.

Lakini tazama alivyoendelea. 1911 akaleta nadharia ya pili: vitetemeshi, yaani vile vitu vinavyotetemeka ndani ya kuta za tanuri na kutoa mnunurisho, vinameza nishati kwa mtiririko na kuitema kwa mafungu. Hiyo ni kurudi nyuma nusu hatua. Na 1913, yeye na wenzake wakimpendekeza Einstein kwenye Akademia ya Prussia, wakaandika kwamba hata kama amekosea shabaha mahali fulani, mfano kwenye kwanta za mwanga (wazo lake kwamba mwanga wenyewe ni matonge), asihukumiwe sana kwa hilo. Baba wa kwanta anamwombea mtu msamaha kwa ajili ya kwanta!

Mchangiaji wa kwanza

Unachanganya kesi mbili. Kilichoombewa msamaha ni kwanta za mwanga unaosafiri. Mafungu ndani ya vitetemeshi vya tanuri ni jambo jingine, na kufikia 1913 Planck hakuwa anayapinga.

Mleta mada

Sawa, hapo umenikamata. Lakini 1913 si 1900, na mada yangu ni 1900. Kwenye daftari la mdogo wangu nimekata neno "alitangaza" nikaandika "aligawa". Anayetaka lirudi aanze na ile namba kamili iliyo jirani.