Naomba ushauri: albamu za roki ya progresivu za kumwanzishia kijana

Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Niko Bagamoyo. Mpwa wangu wa miaka 16 anapiga dramu na ananisumbua nimpe roki ya progresivu (ile roki ya nyimbo ndefu na mapigo yasiyo ya kawaida). Amekulia kwenye singeli na Bongo Fleva.

Nimemwanzishia The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973. Kwenye "Money" akawa anagonga meza akihesabu, akakuta kila mzunguko una mapigo 7 badala ya 4. Akairudisha mwanzo papo hapo. Nikajua huyu yumo.

Hatua ya pili ndiyo inanipa mawazo. Moyo wangu uko kwa Close to the Edge ya Yes (1972), lakini wimbo wa kwanza tu unazidi dakika 18, naogopa atachoka. In the Court of the Crimson King ya King Crimson (1969) inaanza kwa kishindo, ila wimbo wake "Moonchild" ni mrefu na umepoa mno kwa mgeni. Moving Pictures ya Rush (1981) naona inaingilika, na dramu za Neil Peart zitamkamata tu.

Nyie mngempa ipi? Bando lake dogo, nitamwekea kwenye flashi. Nitajieni mbili tatu tu, na ipi itangulie.